Fundi wa Mwezi wa Pili

Jina lake sitalitaja. Si kwa heshima, musinielewe vibaya. Sote tulimwita Jaridinie, ndiyo mutunza bustani kwa Kifaransa, na ukimwita kwa jina alilopewa na mama yake hata hakugeuka. Ukoo wake ni upi, hilo mukaulize wengine. Mimi niliyemjua ni yule wa koti la kaki, aliyekata miti yetu hapa Goma zaidi ya miaka kumi, na ambaye mara tatu aliniharibia muti wangu nami nikamwambia asante na kumpa chai.

Kazi yake ilikuwa kwa muzungu mumoja mwenye nyumba kubwa kando ya ziwa. Siku sita alikuwa huko. Siku ya Mungu, misa ikiisha, alipanda kwetu sité, mutaa wa watu weusi, na hapo ndipo tulipoona makuu. Mukasi wake wa kukatia matawi, ile sekateri, aliubeba kiunoni ndani ya ala ya ngozi, kama polisi na bunduki. Kichwani kofia ngumu ya kizungu. Sikioni kalamu, na hakuna aliyepata kumuona akiandika hata herufi moja.

Akiingia kwa mutu hakusalimia watu kwanza. Alisalimia miti. Anauzunguka mupera wako, anatikisa kichwa, anafanya "ah, ah, ah," kama daktari aliyeletewa mugonjwa kwa kuchelewa. Ndipo anakugeukia wewe mwenye nyumba: "Jambo, mama." Mungu wangu! Nimepika, nimefagia, nimevaa kikwembe kizuri cha misa, na nimekuwa wa pili nyuma ya mupera!

Na miti alikuwa akiisemesha Kifaransa. "Dusma, dusma," yaani polepole, anaubembeleza mulimao huku anaukata vidole. Sisi watu alitusemesha Kiswahili, maana aliona kinatutosha.

Sasa niwaeleze muti wangu, maana bila huo musingeelewa hasira yangu. Tulipopewa kiwanja chetu, kilikuwa mawe meusi ya volkano, basi. Hata bangi haikuota hapo. Bwana yangu, Papa Furaha, alikuwa karani ofisini. Mikono yake ilijua karatasi. Mimi mwenyewe, na mimba ya Furaha tumboni, nilishika chuma nikavunja mawe siku tatu mpaka nikapata shimo la kufika gotini. Udongo nikauomba kwa wenye kuleta viazi kutoka Kibumba: wanitupie kitunga kimoja kutoka juu ya kamyo, lori lao, kingine juma linalofuata. Mbegu ya avoka, ndiyo parachichi, alinipa mama yangu kule Kalengera, akaifunga ndani ya jani la ndizi. "Hii ilizaa mbele ya nyanya yako," akaniambia, "itazaa mbele yako." Nikaipanda. Furaha akazaliwa. Wote wawili wakakua, na mara nyingine sikujua ni yupi ninayemwangalia zaidi.

Mwaka wa tano muti ukatoa maua. Ilikuwa mwezi wa pili. Nililia, siogopi kusema. Maua ya avoka si ya kupendeza, ni madogo, ya kijani-manjano, yamejaa kwenye ncha za matawi kama pumba. Lakini nyuki walikuja, nikasimama chini nikisikiliza kelele yao.

Siku ya Mungu Papa Furaha akaja na Jaridinie.

"Mama Furaha, muzee atatukatia muti wetu vizuri."

"Muti una maua, Papa Furaha."

Jaridinie akatabasamu, lile tabasamu lake la kuhurumia wajinga. "Mama, mwezi wa pili miti yote inalala. Mutu akilala unamukata nywele, hasikie. Hiyo njo wakati wa kukata."

"Unalala na unatoa maua?"

"Maua njo ndoto yake," akasema.

Papa Furaha akacheka sana, akaona hekima. Na mimi, jamani, na mimi mujinga, nikanyamaza. Alikuwa mukubwa, alikuwa anafanya kazi kwa bazungu, alikuwa na kofia. Akapanda ngazi akakata ncha zote, pande zote, muti ukawa mviringo kama mpira. Maua yakaanguka juu ya mawe. Nyuki wakazunguka kidogo, wakaenda zao. Nikamwambia asante. Nikamletea chai.

Kuhusu chai: alikuwa akisema yeye hanywi kasiksi, pombe ya ndizi, ya watu wa porini. Chai tu, na chai yenyewe kwa kikombe cha sahani. Lakini ukienda nyuma ya nyumba ya yule mama wa Butembo, jirani yetu, siku ya Mungu saa kumi, ungemkuta amekaa juu ya kigogo, kofia magotini, na kibuyu mukononi. Akikuona anasema: "Naonja tu, mama. Ndizi yao iko na ugonjwa." Kila juma anaonja, kila juma ugonjwa haujulikani.

Na ni huko kwa mama wa Butembo sifa yake ilikoanzia. Mama huyo alikuwa na mupera mzee uliokataa kuzaa. Jaridinie akaukata mpaka ukabaki kama kigingi cha kufungia mbuzi. Msimu uliofuata ukajaa mapera mpaka matawi yanainama. Sité nzima ikasema: huyu mutu ana dawa! Dawa gani? Mupera unazaa kwa vijiti vipya. Hata mbuzi akiutafuna, utazaa. Lakini yeye alitembeza ushindi wa mupera ule kwa kila muti aliokutana nao, na hakuna aliyemuuliza kama avoka ni mupera. Avoka ukiukata ncha wakati wa maua umeula mwaka mzima. Hilo nililijua baadaye, kwa kuangalia tu, na kuangalia hakuhitaji kofia.

Nisiwe muongo. Mukono wake ulijua kazi, na hilo linaniudhi mpaka leo. Tawi nene hakulikata kwa pupa. Kwanza anatia musumeno chini yake, kidogo tu, halafu anapanda juu anakata mbali kidogo na shina, ili tawi likianguka lisichune ganda la muti. Ndipo anakiondoa kile kipande kilichobaki, pale penye shingo ya tawi, asiache kisiki cha kuoza wala asijeruhi shina. Matawi yaliyokufa, yanayosuguana, yanayorudi ndani kutafuta giza, hayo aliyaona kabla yako. Shina lililobaki wazi kwa jua analipaka chokaa, maana ganda la avoka linaungua kama ngozi ya mutoto. Mpaka leo nakata vile alivyokata yeye. Namna aliijua. Wakati ndio hakuujua, na hakutaka kuujua, na hilo ndilo lililonitia kichaa: fundi wa namna ile, na kichwa kigumu cha namna ile, vimekaa ndani ya koti moja!

Alikuwa na maneno yake. "Muti haina rafiki, iko na patro," ndiyo bwana mukubwa. "Kisu haiulizake." "Muswahili anapanda, muzungu anapanga." Hili la mwisho alilisema mbele ya watu wazima waliopanda vyakula vyake vyote. Wakaitikia kwa kichwa!

Siku moja aliamua kunyoosha luego yetu, ua wetu wa miyenzi. Nani asiyejua miyenzi? Ukikata kijiti, maziwa yake yanaruka, na yakikuingia jichoni utamuita mama yako. Watoto wote wa Goma wanajua. Yeye akafunga kamba kutoka pembe hadi pembe, akainama akafunga jicho moja kupima kama iko sawa, tacha! tacha! na sekateri. Maziwa yakamruka ndani ya lile jicho lililobaki wazi. Alizunguka kiwanja akilia kama ndama. Nilimwosha kwa maji mengi, nilimwosha kweli, sikumwacha. Juma zima alitembea na jicho moja, na akiulizwa anajibu: "Naangalia ligne." Anaangalia mustari! Mutu huyu hata maumivu yake aliyageuza kuwa ufundi.

Mwaka wa sita wa muti wangu alikata mwezi wa pili. Mwaka wa saba alikata mwezi wa pili. Kila mara maua yalikuwepo, na kila mara Papa Furaha alikuwa amesimama chini akishika ngazi kwa heshima. Na muti, usipozaa, nani anasemwa? Muti.

Hapo lazima niseme juu ya karti. Siku zile makarani wetu walikuwa na ugonjwa mumoja: karti ya ba-evolué, cheti cha mutu mweusi aliyestaarabika kama muzungu. Ukitaka kuipata, bazungu wa komisio, tume ya kuitoa, wanakuja kwako kuangalia unavyoishi. Unalala kitandani? Unakula na uma? Choo kiko namna gani? Mukeo anakaa mezani pamoja nawe? Papa Furaha aliitaka karti ile kuliko chakula. Akaanza kuona aibu ya kila kitu chetu: mukeka, jiwe la kusagia, na mwisho muti wangu. Alitaka mahali pake pawe na maua ya rozi, na changarawe, na kiti cha kukalia bure.

Siku ya Mungu moja, mwaka ule wa saba ukielekea kwisha, walikuja kwetu makarani wawili wenzake na wake zao. Jaridinie naye alikuwapo. Papa Furaha akauliza mbele ya wote:

"Muzee, hii muti iko na nini? Miaka saba, hata avoka moja."

Jaridinie akasimama. Akauendea muti polepole. Akagonga shina kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akagonga tena. Akarudi akakaa, akavuta sahani ya chai.

"Iko dume," akasema.

"Dume?"

"Dume kabisa. Hautazaa. Anakulisha majani tu."

Wake za makarani wakasema "yoo!" Papa Furaha akaniangalia kama vile ni mimi niliyezaa dume. Nikasema: "Miaka mitatu unatoa maua na miaka mitatu yanakatwa. Dume gani huyo?" Mutu akakohoa. Papa Furaha akacheka kile kicheko cha ofisini, akasema: "Tutaungoja mwaka moja tena. Ukikataa, muzee ataukata, na atapanda rozi." Na Jaridinie akajibu, "Hakuna shida, karani." Hakuna shida! Muti niliouvunjia mawe na mimba tumboni, hakuna shida!

Usingizi ulinipungua. Nikataka kujua huu mwezi wa pili ni wa nani. Mwezi wa kwanza ulipoingia nikashuka ziwani siku ya kazi na kitunga cha maharagi kichwani, kama mutu anayeuza, nikapita nyuma ya nyumba ya muzungu wake. Kulikuwa na miti ya matunda ya kwao, ya pomme na ya pêche, tufaha na pichi, kama kumi hivi, imepangwa kama askari. Na juu ya ngazi, Jaridinie wetu. Anafanya nini? Anachuma majani. Moja moja, kwa vidole, anatia ndani ya gunia. Mabichi, ya kijani, mazuri! Miti mingine ilikuwa tayari uchi.

Nikamuuliza mupishi aliyekuwa anamwaga maji nje: "Yule muzee anatafuta nini kwa majani?"

Akacheka mpaka akaweka ndoo chini. "Mama, kule kwao kukiwa baridi miti inaangusha majani, inalala. Hapa inakataa kulala. Basi patro alisema: bayilalishe. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, anaivua majani. Mwezi wa pili anaikata."

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani, na watu wakanipisha. Kumbe! Miaka yote ile anatufundisha miti inalala, na yeye ndiye anayeivua nguo ili ilale! Alichukua baridi ya watu wengine akaileta kwetu sité, mwezi wa pili, mvua inakaribia na maharagi yamesimama. Mutu anayeona muti kwa macho yake mawili, una majani, una maua, una nyuki, na anasema umelala kwa sababu kalenda ya muzungu imelala! Nilicheka, halafu kicheko kikaisha nikashikwa na hasira, maana muti wangu ulikuwa umebakiza mwaka mumoja.

Kumwambia Papa Furaha? Nilimwambia. "Unamupeleleza muzee wa watu?" akanijibu. Hayo tu ndiyo yaliyomfikia.

Basi mwezi wa pili ukaja, na maua yakaja, mengi kuliko miaka yote. Siku ya Mungu ya kwanza niliamka mapema, nikafua, nikafunga kamba kwenye matawi ya avoka, tawi hadi tawi, na nikaanika. Nini? Nguo zangu za ndani. Zote. Na za dada yangu nilizoazima. Pande zote za muti, mbele na nyuma, chini na juu kadiri mukono unavyofika.

Jaridinie akaingia, mukono juu ya sekateri. Akaanza "ah, ah..." Akaona. Akageuza uso kana kwamba miyenzi imemrukia tena.

"Karani," akasema akiangalia ukuta, "muti iko na... iko na kazi."

"Mama Furaha! Unatutia haya!" Papa Furaha akanong'ona kati ya meno.

"Kamba ya nyuma imekatika," nikasema. "Zikikauka nitaanua."

Hazikukauka. Siku ya Mungu ya pili zilikuwepo, ya tatu, ya nne. Mwanaume gani atapanda ngazi kati ya nguo za ndani za muke wa mutu, mchana kweupe, na watu wanatoka misa? Na yule, mwenye heshima zake za sahani! Alikuwa anapita barabarani, anachungulia, anakaza mwendo. Majirani walinisema, sitadanganya. Mama wa Butembo peke yake ndiye aliyekuja akasimama, akaangalia maua, akaangalia nguo, akanipiga begani. "Mama Furaha," akasema, "uko na akili ya shetani." Nikamletea kiti.

Mwezi wa pili ukaisha. Maua yakafunga. Mimi nikaanua.

Sitawachosha: muti ukazaa. Si sana, kama hamsini hivi, za kijani kibichi, shingo ndefu, zile zile za Kalengera. Papa Furaha alizihesabu kila asubuhi akienda ofisini, kana kwamba ni yeye aliyezitaga. Bazungu wa komisio walikuja wakaangalia choo, wakahesabu uma, na bustani hawakuitupia hata jicho. Kama karti aliipata ao hakuipata, mumuulize yeye.

Na Jaridinie? Alikuja siku ya Mungu, akasimama chini ya muti uliojaa. Kwa miaka yote ile alikuwa hajawahi kusimama karibu namna ile. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno yangu, nimeyanoa. Akanigeukia akasema kwa sauti, makarani wanasikia: "Munaona? Miaka tatu nilikuwa namutayarisha. Dume, ukimukata vizuri, anageuka."

Wakampigia makofi! Walaahi, walimpigia makofi. Nami nikaingia ndani kuchemsha chai.

Nilimwona tena vizuri miaka michache baadaye, kwa mara ya mwisho. Muzungu wake alikuwa ameuza nyumba akaenda zake, na mwenye nyumba mupya hakutaka jaridinie muzee. Ilikuwa mwezi wa saba, jua kali, muti wangu umejaa. Nikasikia hodi. Jaridinie, kusema hodi! Na akanisalimia mimi kwanza. Alikuwa na furushi mugongoni, bila kofia, na kichwa kilikuwa kimekuwa cheupe chote, jambo ambalo sikulijua. Anarudi kwao Kibumba, akasema. Kuna kamyo inamungoja barabarani.

"Karibu, muzee. Kaa."

Akakaa. Akauangalia muti.

"Mama Furaha, naomba avoka ya kupanda. Kule kwetu sina muti hata moja."

"Wewe? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakata tu. Kupanda hakuna mutu aliniambia."

Ningecheka, na nilitaka sana kucheka. Lakini kulikuwa na swali nililolibeba miaka, nikalitoa: "Muzee, siku ile ulisema muti wangu ni dume. Ulijua si kweli?"

Alipangusa viatu vyake kwa mukono. Nikafikiri atanitajia patro, ao kalenda, ao lile la kisu.

"Sikujua kama ni dume ao si dume," akasema. "Avoka mimi siijue. Kwa muzungu hatukukuwa nayo hata moja."

"Na ukasema ukatwe!"

"Karani aliniuliza mbele ya watu, mama. Ningesema sijue?"

"Kwa hiyo ungeniulia muti wangu!"

"Ndiyo," akasema. "Ningeukata."

Alisema hivyo tu, bila kuomba musamaha, na akaniangalia usoni. Barabarani kamyo ilipiga honi. Hasira ilinipanda. Na lilikuwa neno la kwanza la kweli nililopata kulisikia kwa mutu yule. Niliinuka nikashika kijiti cha kuangulia, nikaenda chini ya muti nikamuangulia tatu. Kwa kuwa nimesema nisiwe muongo: nzuri zilikuwa nyingi, zinafikika kwa mukono, na si hizo nilizomchagulia.